Samaki Wapandao Ngazi

Julai 27

Tangu nijifungue, kichwa changu kimekuwa chujio. Jana nilitafuta kitana nyumba nzima, kumbe nimekichomeka nyweleni mwenyewe. Kwa hiyo nimenunua daftari, niandike yanayotokea kabla hayajanitoka.

La kwanza ni kwamba likizo ya uzazi inaisha. Bosi wa saluni amepiga simu, eti wateja wangu wamechoka kuoshwa vichwa na binti mwenye kucha kama za kuku. Nimesema nitarudi. Mama mkwe amesema nisihangaike, mwanangu Tangtang atabaki naye.

"Nimelea watoto na samaki maisha yangu yote," amesema. "Samaki ndio wakorofi."

Julai 30

Samaki mmoja hayupo.

Ni wale samaki wekundu wa sebuleni tunaowaita kasuku, wenye midomo isiyofunga. Ndio waliobaki katika mifugo ya marehemu baba mkwe. Zamani alikuwa na mabwawa nyuma ya nyumba. Gharika kubwa, kabla sijaolewa hapa, ikayajaza tope la chumvi, na sasa juu yake zimesimama paneli za sola. Wamebaki hawa sita ndani ya tangi, na kila asubuhi Mama mkwe huwasalimia wao kwanza, sisi baadaye.

Leo ni watano. Kifuniko cha kioo kipo mahali pake. Nimepapasa chini ya makochi, nimesogeza jokofu, nimekuta soksi na mende. Nikampigia Yonghao, mume wangu, ambaye anafanya kazi kiwandani mjini Kaohsiung na huja nyumbani mwisho wa wiki.

"Samaki hana miguu," akasema. "Umehesabu vizuri?"

"Sita tu nitashindwa kuhesabu?"

"Basi wenzake wamemla."

"Na mifupa wamemtupia nani?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Mama alikuwa anamenya karanga.

Julai 31

Amepatikana.

Niliamka kupika uji nikaikosa sufuria ya jiko la wali. Nimeikuta ghorofa ya pili, kwenye kidirisha cha bafu, imefunikwa kwa kitambaa kilicholoweshwa. Nikafunua. Kasuku akanitazama, mdomo wazi, mzima kabisa.

Nyumbani tulilala mimi, Mama na mtoto, basi. Nikamwuliza Mama kama ni yeye. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Azhen, mwanangu, umechoka. Nilipomzaa Yonghao niliweka viatu ndani ya jokofu nikaenda sokoni peku."

Kwa hiyo ni mimi. Nimeinuka usingizini, nimevua samaki, nimepanda naye ngazi, na sikumbuki chochote. Leo ni samaki. Kesho nitabeba nini nisijue? Nikilala nitajifunga mkono kwenye kitanda kwa mkanda wa gauni.

Agosti 4

Mwezi wa saba wa kalenda ya jadi umeingia, lango la kuzimu limefunguliwa, na Ndugu Wema wametoka humo, wako barabarani. Ndivyo tunavyowaita, maana kuwataja kwa jina lao halisi ni kuwakaribisha ndani. Kuanzia leo hakuna kuanika nguo jioni, hakuna kupiga mluzi, hakuna kuitana majina nje.

Na kasuku wawili hawapo. Nimewakuta kwenye mashine ya kufulia, juu, maji yamejaa na kitambaa kibichi kimetandazwa juu yao. Nilikuwa na nepi mkononi na sabuni nimeshapima. Ningebonyeza kitufe bila kutazama, ningewasaga.

Mkanda wangu wa mkononi asubuhi ulikuwa bado na fundo lake. Kwa hiyo si mimi. Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate tu, kisha hofu ikaja upya na safari hii haikuwa na uso.

Nilimhadithia Shangazi Ahui, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuja kuazima chumvi na kukaa mpaka saa sita mchana.

"Azhen," akasema, akishusha sauti, "samaki hawapandi ngazi. Anayewapandisha ana miguu isiyogusa sakafu."

"Shangazi, usinitie wazimu."

"Nikutie wazimu kwa faida gani? Mji huu umezama mara ngapi? Waliozama hawatoki majini mpaka wapate wa kuwashikia nafasi. Huanza na vitu vidogo."

"Halafu?"

Alimtazama Tangtang kwenye kitanda chake, kisha haraka akageukia machungwa yaliyokuwa mezani, akauliza bei yake.

Agosti 9

Nimempeleka Tangtang hekaluni. Amefungwa uzi mwekundu mkononi na amepewa hirizi ya majivu ya udi. Yonghao amenicheka kwenye simu. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nikamwambia, cheka tu.

Agosti 12

Nimerudi kazini. Nimeosha vichwa nikiwaza maji. Nimepiga simu nyumbani mpaka Mama akachoka.

"Mtoto anakula, analala, anakunya. Unataka nikupigie kila akicheua?"

Agosti 15

Mvua ndogo. Sita wote wapo.

Agosti 18

Sijui nianzie wapi.

Leo ilikuwa karamu ya Ndugu Wema. Mtaa mzima umetoa meza nje, mlango kwa mlango. Yetu niliipanga mimi tangu asubuhi: kuku mzima, ndizi hakuna kwa sababu ndizi huwaita waingie mpaka ndani, biskuti, mchele, pombe ya mchele, makasha ya soda ambayo tutakunywa wenyewe hadi mwisho wa mwaka. Chini ya meza nikaweka beseni la maji safi na taulo jipya, wageni wanawe uso na mikono kabla ya kula. Nikachoma udi nikaingia kumnyonyesha Tangtang.

Niliporudi, Shangazi Ahui alikuwa ameinama mbele ya meza yetu kuongeza udi wake. Taulo lilikuwa limefunika beseni, nami nililiacha limekunjwa pembeni. Na lilikuwa linapumua.

"Ahui," nikasema, nikisahau hata kumwita shangazi.

Akalivuta. Ndani mlikuwa na kasuku wawili wekundu, wakizunguka katika maji ya wafu.

Ukelele alioutoa uliwatoa watu mpaka mtaa wa pili. Udi ulimponyoka, biskuti zikamwagika, mtoto wa mtu akaanza kulia. Kila mtu akasema lake. Mmoja kasema samaki wamerudishwa, zawadi imekataliwa. Mwingine kasema la, wamewaosha ili wawachukue vizuri. Ahui alinishika bega akininong'oneza nimwondoe mtoto hapa, nimpeleke kwetu bara, leo hii.

Nilitaka kukimbia. Nikageuka kumfuata Tangtang ndani, na mlangoni alikuwa amesimama Mama, mtulivu, kana kwamba kelele zile ni za mnadani. Alikuwa anatazama mbingu. Mbingu ilikuwa nyeupe na kavu, haina hata wingu la kuazima.

"Upepo umegeuka," akasema.

Mikono ya blauzi yake ilikuwa imelowa mpaka viwiko.

Hakuna mwingine aliyeona. Ningeweza kusema pale pale. Sikusema. Nitaandika ukweli kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka: niliona afadhali iwe mizimu. Mizimu hula, hushiba, na mwezi ukiisha hufungiwa lango lake. Mama hana lango. Kesho nitaenda kazini na kumwachia mtoto wangu.

Agosti 20

Nilimwuliza polepole, tukichambua majani ya viazi.

"Mama, wale samaki kwenye beseni uliwatia wewe?"

"Samaki gani?"

"Wa juzi. Siku ya karamu."

Alinitazama kwa macho safi, ya mtu asiyeficha kitu. "Karamu si bado, Azhen? Umeshanunua kuku?"

Nikasema bado. Nikaendelea kuchambua majani.

Agosti 24

Yonghao amerudi, tumegombana. Nilimwambia yote, sufuria, mashine, beseni, mikono iliyolowa.

"Mama yangu si kichaa."

"Nani kasema kichaa? Nasema anasahau."

"Wewe ulisahau kitana kichwani mwako. Nikupeleke hospitali?"

"Kitana hakinyonyi, Yonghao! Namwachia mtoto wa miezi mitatu mtu asiyejua juzi!"

Nikampa kile kitambaa nilichokikuta juu ya sufuria, nilichokuwa nimekiweka kabatini. Sijui nilitaka akifanyie nini. Alikishika, akakikunja mara mbili, akakaa kwenye ngazi. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyeitwa na sauti anayoijua.

"Ni tufani," akasema.

Ndipo akanieleza, maana mimi ni mtu wa bara na huko kwetu tufani hung'oa mapaa tu. Wafugaji wa hapa, wakisikia tufani inakuja, hubeba samaki wao bora na kuwapandisha juu katika kila chombo kinachoshika maji. Juu ya chombo hutandaza kitambaa kilicholoweshwa, samaki wakiwa gizani hutulia na hawaruki. Wakati wa ile gharika, baba yake alikuwa bwawani akihangaika na mlango wa maji, na Mama alipanda na kushuka ngazi hizi peke yake mpaka maji yakamfika kifuani. Mabwawa yalikwenda. Wale wa kwenye ndoo wakabaki.

"Lakini mbingu ni nyeupe," nikasema.

"Kwake si nyeupe."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Mama sasa anaona ung'ongo kila mahali. Nililia, naye alilia. Nikasema basi Jumatatu twende hospitali. Akanishangaa kweli kweli.

"Mwezi huu? Nani anaingia hospitali mwezi wa saba kwa hiari yake? Wanaoingia hufuatwa na Ndugu Wema. Ngoja mwezi uishe."

Mimi pia naamini hayo, nina uzi mwekundu mkononi mwa mwanangu. Nikasema sawa, tungoje. Shangazi Ahui atachungulia kila baada ya muda.

Agosti 27

Nimeingia kutoka kazini, nyumba kimya. Juu mwisho wa ngazi, kwenye zulia, beseni la kuogea la Tangtang, na taulo lake lenye picha za bata limelifunika. Taulo bichi, limebanwa vizuri pembeni.

Sikumbuki nilivyofika. Nilikaa chini nikashindwa kunyoosha mkono. Nilisali kwa kila jina ninalolijua. Kisha nikafunua, na alikuwa kasuku mmoja, mkubwa kuliko wote.

Tangtang alikuwa kitandani amelala, ametupa mikono juu. Mama jikoni anakaanga yai, anaimba.

Mtu huyu akiogopa maji, kila anachokipenda hukiweka majini na kukifunika. Nimeandika sentensi hii na sasa natamani nisingeiandika.

Agosti 29

Tufani ya kweli inakuja. Redio, simu, kipaza sauti cha mtaa, vyote vinasema hivyo. Yonghao amezuiwa kiwandani. Mkoa umetangaza kwamba kesho asubuhi kazi ipo na likizo ya tufani itaanza mchana. Bosi ana bibi harusi wa kusuka asubuhi, amesema nisipokuja nisije tena.

Leo Mama ni yule wa zamani. Amepika supu ya tangawizi, amepanga magunia ya mchanga mlangoni, amenikumbusha kuchaji simu. Ameniuliza habari za bibi harusi, akamwombea dua ya mvua isiharibu nywele. Nimemtazama kutwa nzima. Nitakwenda asubuhi tu. Ahui yupo.

Agosti 31, chumba cha madhabahu, ghorofa ya juu

Umeme hakuna. Naandika kwa mwanga wa dirisha. Nikiandika mikono inatulia.

Jana Ahui hakuwepo. Mwanawe alimfuata alfajiri akamhamishia kwake, na ujumbe wake ukanifikia mtandao uliporudi, nikiwa namalizia nywele za bibi harusi. "Nimeondoka, mchungulie Mama." Nilipiga simu nyumbani. Ikaita, ikaita. Niliacha kitana kikining'inia kwenye nywele za mwenye harusi nikatoka mbio.

Maji yalikuwa yameshaifikia barabara yetu. Pikipiki ilizimika kwenye kona, nikaiacha ilale. Nilikuja nikitembea, maji ya magoti, mvua ikinipiga usoni kama changarawe. Mlango wetu ulikuwa wazi na magunia ya mchanga yalikuwa yamefunikwa na maji.

"Mama!"

Hakuna jibu. Sebuleni tangi lilikuwa tupu, pampu yake inapiga mapovu bure. Kitanda cha Tangtang kilikuwa kitupu. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri, kona kwa kona, na huo ukunjaji ndio ulionitisha zaidi, maana ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Ngazini, palepale pa siku ile, beseni la mtoto. Taulo la bata. Na chini ya taulo kitu kilikuwa kinajigeuza.

Mwezi wa saba watu hawaiti majina. Nililiita jina la mwanangu lote, la ukoo na la nyumbani, kwa sauti ya kutosha kila aliyezama katika mji huu anisikie. Nikafunua taulo.

Sita. Wote sita, wazima, wekundu, wamebanana.

Nikapanda. Bafu nilitazama, ndoo zote, pipa la maji, mashine. Nilitia mikono hadi chini katika kila chombo, na kila mara mkono ukitoka mtupu nilishukuru na kuzidi kuchanganyikiwa. Kilichobaki ni chumba hiki cha mababu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Mama! Nifungulie!"

"Nani huyo?" Sauti yake ilikuwa shwari.

"Mimi Azhen!"

"Azhen yuko kazini."

Nilipiga mlango kwa ngumi. Ndani nikamsikia Tangtang akiguna, ule mguno wake wa kuanza njaa. Alikuwa hai. Nilibaki nimeegemea mlango, siwezi hata kulia.

"Umekimbia maji?" Mama akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

"Ungesema. Aliyelowa hafukuzwi mlangoni."

Akafungua. Alikuwa amemfunga Tangtang kifuani kwa khanga mbili za kubebea, mafundo makavu, imara. Mtoto alikuwa mkavu, ana kofia. Nilinyoosha mikono. Mama akarudi nyuma mpaka akagusa madhabahu, na macho yake yakawa makali kuliko nilivyowahi kuyaona.

"Hapana," akasema. "Huyu ana mwenyewe."

"Mama, ni mimi."

"Wewe sikujui. Kaa pale. Chukua shati hili la marehemu mume wangu, vua hayo utaugua."

Nilivua nikavaa. Ningeweza kumpokonya. Ana miaka sabini na mikono ya kuku. Ningemshika viwiko na yangekwisha. Lakini nyuma yake palikuwa na mishumaa inayowaka na ukingo wa madhabahu, na mwanangu kati yetu. Nikakaa sakafuni. Chini, maji yalikuwa yanagongagonga makochi ukutani.

"Mama yake yukoje?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Mwoga huyo!" Akacheka. "Mtoto akicheua, simu. Akikohoa, simu. Anajifunga kitandani kama mbuzi, anadhani sijui. Lakini tangu ajifungue hajalala usingizi wa mtu, na hajamkaripia mtoto hata siku moja. Huyu nitampa yeye peke yake. Hata akija mfalme."

Karibu wiki mbili nimemwogopa mwanamke huyu asimdhuru mwanangu. Kumbe alikuwa anamlinda kwa nguvu zake zote, hata dhidi yangu, na mimi sikuwa na namna yoyote ya kumwambia asante.

Tangtang akaanza kulia kwa njaa. Mama alimtikisa, akamwimbia, akampa kidole. Kilio kikapanda. Nami mwili wangu haujui kusubiri. Maziwa yakashuka yenyewe, shati kavu la marehemu likalowa kifuani mbele ya macho yake.

Mama akatazama shati. Akatazama mtoto.

"Wewe una maziwa," akasema. "Mama yake amechelewa. Mnyonyeshe kidogo."

Akaanza kufungua mafundo. Kisha akasita, khanga mkononi. "Lakini utanirudishia."

"Nitakurudishia, Mama."

Alimweka mikononi mwangu taratibu, kichwa kwanza. Tangtang alinyonya kwa pupa, akinishika shati kwa vidole vyake. Nilimnusa shingo. Mama alipiga magoti mbele yetu, hakupepesa jicho, na kila mtoto aliposita naye alisita kupumua. Mwisho Tangtang akalala, mdomo wazi, maziwa yakimtoka pembeni.

Mama akanyoosha mikono.

Mlango ulikuwa nyuma yangu. Mtoto alikuwa wangu, kifuani pangu, na hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu. Mikono yake ilibaki imenyooka, ikimsubiri. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mizimu, maji, au tangi tupu.

Nikamrudishia.